Jiko Lisilo na Mrithi

Fungeni mlango wa mbele, majirani wasije wakabisha hodi katikati ya maneno, lakini huo wa uani uacheni wazi, nataka kila mmoja wenu akiinua macho alione lile banda la jiko la udongo. Kaeni, wanangu. Maganga, wewe mkubwa, sogea karibu na kichwa changu, sauti yangu haifiki mbali na masikio yako yamezoea kelele za ng'ombe wa Kishapu. Agnetha, acha kunifuta jasho, litakauka lenyewe. Maige, wewe ni mwenyeji hapa lakini leo utakaa chini na wenzako. Hilo bakuli la maji asilinywe mtu, ni la baraka, nitawapulizia kwa kinywa mwishoni nguvu ikiniruhusu. Na dada yangu Lusia naona mmemkalisha mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, na viti vipo. Mpeni shangazi yenu kiti. Mkishampa nitaanza.

Vizuri.

Nimewaita kwa kusema nagawa ng'ombe, na mmefika wote. Agnetha, tangu niletwe hapa Geita kwa matibabu nakusikia kwenye simu ukisema dagaa wamekubana, jua likitoka sharti waanikwe, wingu likija sharti waanuliwe, baba nitakuja wiki ijayo. Lakini lilipokufikia neno ng'ombe uliruka kutoka Nkome kabla chai ya hapa haijachemka. Sikulaumu. Nimefuga tangu utoto wangu na najua ng'ombe wanavyovuta watu. Nitawagawa, msiwe na wasiwasi, ila wao ni chambo tu, na nyinyi mmekwisha kuja.

Ninakufa. Daktari alilizungusha sana neno hilo, akasema ini, akasema umri, akasema tumwachie Mungu, mpaka nikamhurumia. Mimi nimeishi na mifugo. Nimeona wanyama wengi wakijitenga na kundi, wakilala upande, wakiacha kucheua, na najua kinachofuata baada ya kuacha kucheua. Nami nimeacha. Sina hofu na jambo hilo, wala sina haraka nalo, nalitazama tu linavyokuja. Anayetaka kulia atalia baadaye, uani kuna nafasi ya kutosha. Sasa hivi nataka masikio yenu.

Ng'ombe wabaki kundi moja Kishapu chini ya Maganga. Msiwatawanye, kundi likikatwakatwa kila mtu anabaki na mkia. Atakayekuwa na shida ya kweli, ya ugonjwa au ya shule, aje aseme mbele ya wenzake, auziwe mmoja, akatibiwe, akasome. Maziwa yanywewe nyumbani kwanza, watoto, kisha mama anayenyonyesha, kisha mzee asiye na meno, ndipo yanayobaki yaende gulioni. Shamba la pamba nawapa Maganga na Agnetha. Ila Maganga, ile dawa ya kupulizia pamba naijua inapolala, inalala chini ya kitanda cha wanao, kwa sababu nje wataiiba. Itoe. Jenga kibanda, weka kufuli. Na makopo yake yakiisha dawa yatobolewe, nisisikie tena kwamba kuna mtu kayaosha kwa majivu akachotea maji ya kunywa.

Kiwanja hiki cha Geita, kilichopatikana kwa ng'ombe wangu, nampa Maige. Nampa na hii nyumba ya bloku, nampa na banda la karasha kule barabarani linalosaga mawe ya dhahabu, pamoja na makelele yake yote. Maige, umesikia vizuri nilichokutajia? Nyumba na karasha. Jiko sikulitaja. Jiko lile sijampa mtu, na sitampa mtu, katika mali yangu yote hilo peke yake halina mrithi, na sasa nitawaeleza sababu, maana hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite.

Mnajua mmeniweka wapi tangu nije. Asubuhi mnanitoa kitandani, mnanilaza kwenye mkeka barazani, miguu yangu ikielekea mlango wa jiko. Mgonjwa wa muda mrefu watu humzoea, wakapita mbele yake wakifanya mambo yao, kwa hiyo mimi nimeona mengi bila hata kutafuta. Namwona Maige akitoka mwaloni, kule wanakosafishia mchanga uliosagwa, ameshika ngumi. Ndani ya ngumi kuna kile kidonge cheupe kilichokamuliwa kwenye kitambaa, dhahabu iliyoshikana na zebaki. Anaingia jikoni kwa mkewe, anafunga mlango, anaweka kikaango kwenye mkaa na kuchoma mpaka zebaki iruke na dhahabu ibaki na rangi yake. Kisha anafungua mlango, anatoka akipiga mluzi, na mkewe anaingia kusonga ugali.

Dhahabu naijua ilipokwenda, imekwenda dukani kwa mnunuzi. Zebaki je? Ule moshi wake hauwashi macho na haumkohozi mtu, ndiyo maana mnaudharau. Mlango umefungwa, dirisha lile halimpitishi hata paka. Umepanda ukutani, umekaa kwenye masizi ya dari, umeingia kwenye sufuria na kwenye chungu cha maji. Nilimwambia Maige, kachomee mbali. Akanijibu, "Baba, mwaloni wezi wengi, wakiona kidonge kikubwa leo, kesho nimevamiwa. Na mimi nimechoma humu siku zote, mbona siumwi?" Nilimwelewa. Geita ina macho mengi. Lakini Maige, ulikwenda kwenye semina ya wachimbaji ukarudi na chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, cha kuukamata ule moshi ugeuke zebaki tena ndani ya maji. Ulituonyesha kwa fahari. Nimekiona kilipo. Kinazuia mlango wa stoo usipigwe na upepo.

Na siku ile uliyonipeleka hospitali, daktari alinishika mikono, akaitazama inavyotetemeka, akakugeukia wewe. "Nyumbani mnachoma dhahabu?" Ukasema, "Hapana, daktari, sisi tunanunua mawe tu." Sikutaka kumkanusha mwanangu mbele ya mtu. Mikono yangu inaweza kutetemeka kwa uzee na inaweza kutetemeka kwa zebaki, na kwangu mimi jibu halina kazi tena. Yupo mtu ambaye jibu hilo lina kazi kwake.

Tulia, Maige, sijamaliza, na sikukasirikii.

Nyinyi mliokaa mjini, hebu niwakumbushe desturi yetu. Mke wa mwanangu ni mkwe wangu. Simtazami usoni. Siingii jikoni mwake, simtaji jina, na habari za mwili wake hazipiti kinywani mwangu. Yeye naye chakula huniwekea kizingitini, hupiga magoti, husema shikamoo akitazama chini, nami huitikia marahaba nikitazama mpapai. Nikitaka maji nauambia mpapai, koo limekauka, na baada ya muda kikombe kinatokea. Siku nyingine nauambia mpapai kwamba mboga ya jana ilikuwa tamu sana, na namsikia mtu anacheka huko ndani. Tumeishi hivyo vizuri. Huyo aliyejificha nyuma ya mgongo wa Agnetha amenitunza kuliko nyinyi niliowazaa, na nampenda, na sijawahi kumwambia kwa sababu hakuna njia ya kumwambia.

Wakwe wengine angalau humwita mwanamke kwa mtoto wake, Mama fulani, heshima ikabaki na kazi zikaenda. Mimi hata hilo sina. Mimba ya kwanza ilitoka. Mtoto wa pili alizaliwa kimya, tukamzika kabla hatujampa jina. Sasa amebeba tena, na tumbo limefika mahali ambapo kanga haiwezi kulificha. Mtanisamehe kwa kulitaja. Anayeaga hana mwiko, ndivyo walivyotuachia wazee, na mimi nimeitumia ruhusa hiyo mapema kidogo kuliko nilivyohitaji, kwa sababu mimi ningeweza kusubiri lakini tumbo lile halisubiri.

Nilichokiona ni hiki. Asubuhi, kabla hajawasha moto, anachukua kijiko, anakwangua ukuta wa jiko kwa ndani, pale karibu na mafiga, na anachokwangua anakula. Matofali yale yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu, na nyinyi wanawake mnaujua udongo wa kichuguu unavyonukia ukipata mvuke wa chakula. Pale anapokwangua pamebonyea, mkono wa mtu unaenea. Mnaweza kwenda kupatazama baadaye.

Sitaki kusikia mtu anamcheka. Mama yenu, Mungu amlaze pema, alipokuwa na mimba yako, Maganga, alikula ukuta wa ghala letu mpaka nikaogopa mtama utamwagika. Nami nilikuwa nikitoka machungani namletea vipande vya kichuguu, navichagua vile laini visivyo na mchanga, navifunga kwenye pindo la shuka. Alivipokea kwa furaha kuliko kitenge. Nilipomgusia Maige habari hii, kwa kuzungukazunguka kama desturi inavyotaka, alinijibu, "Baba, wanawake wote wanakula udongo, hata mama alikula na sisi tukazaliwa." Ni kweli. Lakini ghala la mama yenu halikuwahi kuchomewa zebaki. Huku, mume anaitia ukutani na mke anaila kutoka ukutani, kila mmoja na sababu yake, wala hakuna mwenye nia mbaya. Mimi peke yangu nililala mahali pa kuyaona yote mawili, na mimi ndiye niliyefungwa mdomo.

Muuguzi mmoja wa kliniki alikuwa akiwafundisha wajawazito siku nilipokuwa nimelazwa kwenye benchi nikisubiri dawa. Alisema zebaki inapita kwa mama ikaingia kwa mtoto tumboni, ikamkaa kichwani. Alisema pia hamu ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, na kwamba udongo wenyewe unazidi kuipunguza, ndiyo maana wanapewa vile vidonge vya damu. Nikageuka nikamtafuta mkwe wangu kwa jicho la pembeni. Alikuwa amekwenda kununua karanga kwa ajili yangu. Basi nikarudi nyumbani na maneno ambayo hayakuwa na pa kwenda.

Mtu mmoja hapa ndani anatafuna kitu. Endelea tu, nitalifikia. Mwili umeniacha lakini masikio bado ni yangu.

Sasa niseme la pili, nalo ni zito, na lazima niliseme nikiwa na pumzi. Yule mtoto alipozikwa, hamkuuliza hospitali. Mlikwenda kwa mganga. Mganga akatia maji kwenye ungo, akatazama, akasema ni mwanamke mzee wa ukoo wenu, anakaa upande jua linakochomoza, ana macho mekundu. Watu wa Shinyanga hatuhitaji zaidi ya hapo. Mkatazamana, mkarudi Kishapu, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu akawa Lusia. Vijana wakachoma ua wake. Maganga, ulikuwepo. Ulisimama pembeni umetia mikono mfukoni, na kesho yake ukawahamisha ndama wangu kutoka zizini kwake kama watu wanaohamisha vitu kwenye nyumba yenye ugonjwa. Asingekuwa mwenyekiti wa kitongoji kulala mlangoni pake, leo hii kiti hicho kingekuwa kitupu. Mnajua wangapi wa rika lake wamekatwa mapanga katika nchi yetu kwa ajili ya rangi ya macho. Mimi nawajua kwa majina, tulicheza nao.

Nitawaambia macho ya Lusia yalipata wapi wekundu. Mama yetu alikufa nikiwa sijaota meno yote, na Lusia alikuwa bado msichana mdogo. Alinibeba mgongoni akipika. Kishapu haina miti, mnaijua, anayepika anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ni mkali, na jiko letu halikuwa na tundu la kutolea moshi. Alikuwa akinigeuza nitazame mgongo wake nisiumie macho, yeye akautazama moto. Amefanya hivyo kwangu, amefanya kwa wanawe, amefanya kwa wajukuu. Moshi wake umekaa mahali ambapo kila mtu anauona, mkamwita mchawi. Moshi wa Maige hauonekani, mkamwita tajiri.

Lusia alipoingia leo humu ndani, mkwe wangu alivuta kanga akafunika tumbo, asije akatazamwa na jicho baya. Niliona. Na Lusia aliona, akageuza uso kuelekea ukutani ili kumpa nafasi. Hilo liliniuma, wanangu. Mengi hayaniumi siku hizi, lakini hilo liliniuma.

Nipeni maji kidogo. Siyo hayo. Hayo mengine, ya kikombe.

Haya. Maganga, utajenga upya ua wa shangazi yako kwa mikono yako, usipeleke kibarua, na utajenga mchana watu wakikuona. Jiko lake litatobolewa dirisha na litawekwa bomba la moshi. Maige, wewe utampeleka kwa daktari wa macho, na asiambiwe kwamba ni uzee arudi nyumbani, atibiwe. Mwaka mzima mnazungumza habari za kunikatia mimi bima ya afya, mkateni yeye. Mimi imenipita.

Na huyo mtoto anayekuja, akija mzima, msimlee kwa kubahatisha. Azaliwe hospitali. Anyonye, asilishwe uji kabla ya wakati kwa sababu jirani kasema maziwa ya mama mepesi. Akianza kula, Agnetha utamletea dagaa wa Nkome, wakavu, wasio na mchanga, wasagwe watiwe kwenye uji wake. Chandarua kisiwe pazia la kuku. Akitambaa, msiache ile chupa ya soda yenye zebaki sakafuni. Nimewaona watoto wa mtaa huu wakiiviringisha kiganjani, inang'aa, inakimbia, wanacheka, na wazazi wao wanacheka nao. Akiwa wa kiume na akaota ndevu, watakuja wenzake wamwambie shule haina faida, twende kwenye duara, shimo hili limeshika mwamba mzuri. Asishuke. Matimba yanayozuia kuta za mashimo yale nimeyaona yanavyofungwa, mimi nisingeyafungia hata zizi la mbuzi. Akiwa wa kike, asiolewe kwa sababu ng'ombe wamepungua zizini. Ng'ombe wataongezeka wenyewe, ndiyo kazi yao.

Na nyinyi watu wazima mnajiona mmekwisha kupita hatari. Maige, unalala makambini siku nyingine, sikuulizi umelala wapi, ila wewe na mkeo mtapima damu pamoja, mtakaa benchi moja, mtasikia majibu pamoja. Hicho kikohozi cha vumbi la karasha unachokiita mafua kitapimwa pia. Wafanyakazi wako wawekewe maji ya kulowesha mawe, wafunge pua, nao wana mama zao. Agnetha, unabeba magunia ya dagaa kichwani na mgongo unakuuma na unameza dawa za dukani kama karanga. Punguza. Mwili hauna mnada wa kununulia mwingine.

Nimechoka. Nilidhani nina nguvu zaidi ya hizi. Maganga, niinue kidogo, hapo, usinivute, niinue tu.

Sasa sikieni amri, hizi si ushauri. Jiko lile libomolewe. Libomolewe kabla sijazikwa, nataka nikiwa bado humu ndani nisikie shoka. Atakayelibomoa afunge kitambaa puani na aloweshe ukuta kwa maji kwanza, vumbi lisiruke. Tofali zake zisijenge choo, zisijenge banda la kuku, zisimwagwe kwenye bustani ya mchicha. Maige, utakwenda kwa watu wa afya, utawaambia ukweli, uwaulize zitupwe wapi. Sufuria zote zilizokuwa mle, tupa. Nunua nyingine. Kile chombo cha chuma kitoke kwenye mlango wa stoo kiende kazini, na uchomaji wote uwe huko mbali, na nguo za kazi zisiingie humu. Wezi wakija, waje. Mwizi atachukua kidonge. Hicho ndicho atakachochukua.

Mkwe wangu anaondoka leo. Anakwenda Nkome na Agnetha, na Lusia anakwenda nao, atalala naye chumba kimoja mpaka siku ya kujifungua, na yeye ndiye atakayempokea mtoto kutoka mikononi mwa muuguzi. Agnetha, umekaza uso. Umeogopa? Sema kama umeogopa. Basi. Njiani mtapita hospitali, na Maige atamwambia daktari kwa mdomo wake kwamba ndiyo, tunachoma nyumbani, tunachomea jikoni, na mke wangu amekula ukuta. Maneno hayo, hivyo hivyo. Radhi yangu nimeifunga hapo. Atakayelivunja neno hili, ng'ombe wangu wasimfae, na asimwage mchanga kaburini kwangu.

Mnizike Kishapu, kando ya zizi. Msinikimbize na gari, njia ni mbovu.

Lusia... uko wapi, dada? Sikuoni vizuri. Kumbe ni wewe umeshika mguu wangu. Endelea kuushika.

Noela.

Msishtuke. Nimelitaja, na mbingu haijaanguka. Noela, mama, njoo huku mbele, toka nyuma ya Agnetha. Usipige magoti, tumbo ni zito, simama hivyo hivyo. Nitazame. Mimi nakutazama wewe leo, mpapai upumzike. Nimekosa jina la kukuitia tangu uje katika nyumba hii, basi nimelitafuta mwenyewe. Mtoto huyu akiwa wa kike anaitwa Lusia. Akiwa wa kiume mtamtafutia jina mnalotaka, lakini kinywani mwangu wewe ni Mama Lusia, na kinywa changu hakitasumbua watu muda mrefu. Kuanzia sasa nani atasema nyumba hii inamwogopa Lusia? Mtakuwa mnamwita kila siku aje kula.

Mama Lusia. Umeziba mdomo kwa kanga tangu nianze. Nasikia unavyotafuna. Umekuja na kipande chake humu ndani, kidogo, ukakiweka shavuni, kwa sababu moyo ulikuwa unakwenda mbio. Najua. Mke wangu alifanya hivyo hivyo kwenye misiba. Huna kosa, mama, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukwambia.

Tema.

Maige, mpe bakuli. Hilo hilo la baraka. Mshike mkono... mpeleke mlangoni, hapo nje kwenye mchanga. Sukutua, mama. Tema. Sukutua tena. Bado, nasikia bado unasaga... Tena. Hivyo. Hivyo, ng'wanawane, mwanangu.

Yamebaki? Kidogo? Yanatosha. Nileteeni bakuli. Agnetha, nishike shingo. Sogeeni wote, nitapuliza na sijui yatafika wapi. Lusia awe mbele, na mama awe karibu yake, tumbo lielekee huku.

Muwe wazima. Mlale na kuamka. Mliowazaa wawazike nyinyi, mkiwa wazee, mkiwa mmechoka... ng'ombe wazae, mvua inyeshe Kishapu... mtoto alie. Nasema alie, nyumba nzima imsikie. Niinamishieni bakuli...

Yamewafika?

Msijifute. Acheni yakauke yenyewe.